Mekatilili wa Menza: Mama wa Hando na Kifudu

Tulipoombwa tuandike juu ya mashujaa waliotangulia, wenzangu wengi walikimbilia majina ya mbali. Mimi nikasema, ya nini kwenda mbali na hali shujaa amelala papa hapa kwetu, Bungale, upande wa Magarini? Nanyi mnamjua. Ila vitabu vya historia humtaja kwa kiapo na vita tu, kisha basi. Mavazi yake na ngoma yake hupitwa haraka haraka, kana kwamba ni mambo ya kando. Mimi naona ndiyo yaliyokuwa silaha yake ya kwanza.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake mama yake Katilili, kama ilivyo desturi yetu ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto. Alizaliwa katika karne ya 19 kwa Wagiriama, huko bara ya Kilifi, zamani za biashara ya utumwa. Husimuliwa kwamba nduguye, Mwarandu, alitekwa mbele ya macho yake na asirudi tena. Akaolewa, akazaa, na kufikia mwaka 1913 alikuwa mjane. Hilo la ujane si dogo. Mama mjane mtu mzima alikuwa na nafasi ya kusema mbele ya wazee wa kiume, nafasi ambayo mwari asingeipata.

Sasa hebu tuitazame hando. Kwa Kiswahili wengine huiita rinda. Ni sketi ya vitambaa vya pamba vilivyochanwa virefu, vikakunjwa marinda madogo madogo na kushonwa tabaka juu ya tabaka, kisha ikafungwa kiunoni. Huishia karibu na magoti. Wengi hutia kijimto cha vitambaa chini yake ili nyonga zijae. Mwanamke akitembea, hando hutembea nyuma yake. Akicheza, basi tena, macho yote hapo! Kitambaa chenyewe kilikuwa merikani, pamba nyeupe iliyoletwa na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikapitia Unguja hadi huku. Wagiriama walibadilishana pembe za ndovu na nafaka wapate nguo. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba hando ni nguo ya watu waliojifungia msituni, mwambieni kitambaa chake kilivuka bahari mbili.

Tena tusidhani mitindo ya namna hii ilikuwa yetu peke yetu. Miaka ya 1870 na 1880 mabibi wa Ulaya walifunga fremu za waya na mito nyuma ya kiuno, nguo ifure vivyo hivyo. Wachezaji wa baleti, ile ngoma ya jukwaani ya Kizungu, nao walivaa tutu: sketi fupi ya tabaka nyingi za kitambaa chepesi, ikatengenezwa ili miguu ionekane ikifanya kazi. Tofauti ni kwamba yule wa Ulaya alicheza mbele ya watu waliokata tiketi. Mekatilili alicheza mbele ya watu waliodaiwa kodi.

Kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3. Afisa aliyetumwa kwa Wagiriama, Arthur Champion, alitaka pia vijana wakafanye kazi za serikali na za mashamba ya Wazungu. Hapo ndipo mama yetu alipovaa hando akatoka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Fikirini jambo hilo. Ngoma ya msiba, inachezwa mahali ambapo hakuna maiti! Lazima watu watoke wakaulize nani amekufa. Wakishakusanyika, aliwaeleza kinachokufa ni nini. Hakuwa na gazeti wala gari, lakini umati ulimfuata. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakawaita watu Kaya Fungo, wakalishwa viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Aliyekula kiapo hakuthubutu kumpa Mzungu mtu wala rupia.

Ajabu ni kwamba Mei mwaka huo huo wa 1913, huko Paris, watu walizomeana ukumbini kwa ajili ya baleti mpya ya Stravinsky, iliyochezwa kwa kanzu nzito badala ya tutu. Zogo lao lilikuwa la usiku mmoja. La kwetu serikali iliogopa. Oktoba Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa kuhamishwa miaka 5, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Siku hizo sketi iliyosifiwa sana Ulaya ilibana vifundoni hata mvaaji akashindwa kupanda gari. Jamani, angefika wapi nayo!

Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili akakamatwa na kuhamishwa tena. Aliporudi mwaka 1919, Wagiriama walikuwa wameruhusiwa kukaa kaskazini ya mto Sabaki, na yeye akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Alifariki katikati ya miaka ya 1920.

Wapo wasichana wenzangu wanaoona haya kuvaa hando hata kwenye tamasha la muziki, eti watachekwa. Mimi siwalaumu, kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba nguo ya heshima ni ile iliyotoka kwa wengine. Lakini mwaka 2010 bustani moja mjini Malindi ilipewa jina la mama huyu, na kila Agosti akina mama hukusanyika Malindi kumkumbuka. Huja wamevaa mahando, meupe, mekundu na ya buluu, na kifudu huchezwa mpaka vumbi linatimka.