Karl Elsener: fundi aliyeshindwa kwa bei, akashinda kwa wepesi wa kisu

Jeshi la Uswisi lilipotaka visu vya kukunja kwa ajili ya askari wake, mwaka 1890, ilibidi viagizwe kutoka nje ya mpaka. Hapakuwa na kiwanda ndani ya nchi kilichoweza kutoa idadi iliyotakiwa kwa wakati. Shehena ya kwanza, visu vipatavyo 15,000, ilitoka kwa kampuni ya Wester & Co. ya Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa upanga na visu tangu enzi za kati.

Jambo hilo lilimkera fundi mmoja wa Ibach, kijiji kilicho katika jimbo la Schwyz. Alikuwa na karakana yake, alikuwa na ujuzi, na alikuwa akiona vijana wa jimbo lake wakihama kwenda kutafuta maisha ng'ambo kwa kukosa kazi. Iweje basi kisu cha askari wa Uswisi kifuliwe Ujerumani? Jina lake lilikuwa Karl Elsener.

Elsener alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1860. Baba yake, Balthasar, alikuwa fundi wa kofia mjini Zug, lakini kijana hakufuata kazi ya baba. Alijifunza ufundi wa visu, kisha akafanya kama walivyofanya mafundi wengi wa wakati ule: akavuka mipaka kwenda kuongeza ujuzi kwa mabwana wengine. Alifanya kazi Paris, nchini Ufaransa, na pia Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani. Kwa hiyo si kweli kwamba aliwachukia wageni. Ufundi wake mwenyewe ulikuwa umekomaa mikononi mwao.

Mwaka 1884 alirudi na kufungua karakana Ibach, kando ya kijito cha Tobelbach, ambacho maji yake yalizungusha mashine za kunolea. Mama yake, Victoria, alimuunga mkono tangu mwanzo. Kazi ilikuwa ya kawaida tu: visu vya jikoni, visu vya wakulima, nyembe za kunyolea.

Kuhusu kisu cha askari, haja yake haikuwa ya anasa. Bunduki mpya ya jeshi, Schmidt-Rubin ya mwaka 1889, ilihitaji bisibisi ili kufunguliwa na kusafishwa. Chakula cha askari nacho kilianza kuja ndani ya makopo. Badala ya kumbebesha kila askari vifaa vitatu au vinne, wakuu wa jeshi walitaka kimoja chenye bapa la kukatia, bisibisi, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea ngozi. Mpini ulikuwa wa mti wa mwaloni uliotiwa weusi. Kisu hicho kilikuwa imara kweli kweli, lakini kilikuwa na uzito wa gramu 144 hivi, na unene wa kujaza kiganja.

Elsener alijua kwamba karakana moja haiwezi kupambana na Solingen. Mwaka 1891 akawakusanya mafundi wenzake wapatao 25 wakaunda umoja wa mafundi visu wa Uswisi ili wagawane kazi ya jeshi. Mwaka huohuo umoja ukaanza kukabidhi visu vyake vya kwanza.

Mafanikio hayo hayakudumu. Viwanda vya Solingen vilitengeneza visu kwa wingi na kwa mashine, na vikaweza kuuza kwa bei ambayo mafundi wadogo wa milimani hawakuiweza. Mtu yeyote anayeuza bidhaa karibu na mpaka anaifahamu hali hiyo: mteja hana kinyongo nawe, ila bidhaa ya upande wa pili ni nafuu. Wenzake wakajitoa mmoja baada ya mwingine, Elsener akabaki peke yake akiendelea kutimiza mkataba kwa hasara, hadi mali yake yote ikaisha. Aliponea chupuchupu kufilisika kwa sababu jamaa zake walimsaidia na wadai wakakubali kumsubiri.

Kwa hesabu za biashara pekee, alipaswa kuacha. Lakini wakati huohuo alikuwa na wazo jingine mezani, na wazo hilo ndilo lililomwokoa.

Elsener aliona kwamba kisu cha jeshi kina kasoro moja: ni kizito mno kwa mtu asiyelazimishwa kukibeba. Askari hana hiari, anapewa. Ila ofisa, mpanda milima au msafiri hutoa pesa yake mwenyewe, naye hukipima kisu mkononi kabla ya kulipa. Kisu kinachoning'iniza mfuko huachwa nyumbani, hata kiwe imara namna gani.

Tatizo lilikuwa ni namna ya kupunguza uzito bila kupunguza vifaa. Katika kisu cha kukunja, kila kifaa hushikiliwa na springi iliyo mgongoni, inayokifanya kisimame kikifunguliwa na kilale kikifungwa. Fundi akiongeza vifaa kwa njia ya kawaida, huongeza springi, na kila springi huongeza tabaka, unene na gramu. Elsener alitafuta njia ya kuifanya springi moja ifanye kazi pande zote mbili. Upande wa tumbo aliweka bapa kubwa, bapa dogo, kifungua kopo na bisibisi. Upande wa mgongo, juu ya springi zilezile, aliweka msharasi na kizibuo cha chupa za mvinyo. Vifaa sita, springi mbili tu.

Ubunifu huo aliusajili tarehe 12 Juni 1897 kwa jina la kisu cha maofisa na wanamichezo.

Hapa ndipo wengi hukosea wanaposimulia habari zake. Kisu hicho, ambacho dunia nzima hukiita kisu cha jeshi la Uswisi, hakikuwa sare ya jeshi. Maofisa walikinunua kwa fedha zao. Kilichogawiwa askari kilikuwa kile kizito cha mpini wa mti. Mlangoni kwa jeshi Elsener alishindwa na bei ya Solingen, akaingia sokoni kwa bidhaa ambayo Solingen haikuwa nayo.

Ni vyema kusema pia kwamba wepesi peke yake haufai kitu. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi huvunjika, ikiwa laini bapa hulegea na kukata vidole. Ndiyo maana chuma hakichomwi na kupozwa kwa namna moja kwa vipande vyote. Katika visu vya leo vya kampuni aliyoiacha, bapa hufikia ugumu wa 56 kwa kipimo cha Rockwell, wakati springi huachwa kwenye 49 ili ipinde na kurudi. Mnunuzi haoni tofauti hiyo kwa macho, ila huisikia kifaa kinapojifunga kwa mlio mmoja mkavu.

Biashara ilipochangamka, ushindani ukatokea nyumbani pia. Jeshi lilikuwa limeanza kununua kwa kiwanda kingine cha Uswisi katika milima ya Jura, ambacho baadaye kiliitwa Wenger. Kuanzia mwaka 1908 serikali ikaamua kuwagawia kazi nusu kwa nusu, isije ikaonekana inapendelea upande mmoja wa nchi.

Mwaka 1909 mama yake alifariki, na Elsener akaipa bidhaa yake jina la Victoria. Mwaka huohuo akasajili nembo ya msalaba ndani ya ngao ili wanunuzi watofautishe visu vyake na vya kuigiza.

Elsener alifariki tarehe 26 Desemba 1918, akiwa na umri wa miaka 58. Hakuwahi kuona kisu chake kikitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kiliingia kiwandani mwaka 1921, na neno la Kifaransa linalokitaja kwa kifupi, inox, likaunganishwa na jina la mama: Victorinox. Umaarufu wa dunia ulikuja baada ya mwaka 1945, pale askari wa Marekani waliokuwa Ulaya walipovinunua kwa wingi na kurudi navyo kwao.

Wenger ilinunuliwa na Victorinox mwaka 2005. Muda mfupi baadaye jeshi la Uswisi lilitangaza zabuni ya kisu kipya cha askari, na kwa kanuni za biashara ya kimataifa kampuni za nje ziliruhusiwa kushindana. Waswisi wengi walishtuka kusikia kwamba kisu cha jeshi lao kingeweza tena kutoka ng'ambo, kama mwaka 1890. Safari hii zabuni ilishindwa na wajukuu wa karakana ya Ibach kwa maana ya kwamba wao ndio walioipata, na kisu kipya kikaanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2008. Kina urefu wa milimita 111 na uzito wa gramu 131. Kile cha maofisa, katika umbo lake la sasa lenye milimita 91, hakizidi gramu 60 kwa kiasi kikubwa.