William Isaac Thomas, mnunuzi wa barua za wahamiaji

Tukisikia jina la William Isaac Thomas, wengi wetu tunafikiri mara moja juu ya sosiolojia, na tunawaachia wenzetu wa fakulti nyingine. Naona ni hasara, kwa sababu mtu huyu alianza kama sisi, katika lugha. Alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Virginia, Marekani, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti. Katika Chuo Kikuu cha Tennessee alisoma, kisha akafundisha, Kigiriki, Kilatini na lugha za Ulaya. Alikwenda Ujerumani kuongeza elimu, akarudi kufundisha Kiingereza huko Oberlin. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kuhama. Mwenye umri wa miaka 30 alikaa tena kwenye benchi la wanafunzi, katika idara changa ya sosiolojia ya Chuo Kikuu cha Chicago. Akapata udaktari mwaka 1896, akabaki hapo kufundisha.

Chicago ya siku zile ilikuwa mji wa wageni, na Wapolandi walikuwa kati ya walio wengi. Nchi yao yenyewe ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Ujerumani na Austria. Wenyeji wa Chicago waliwasemea mengi bila kuwauliza. Mwaka 1908 mama mmoja tajiri wa mji huo, Helen Culver, alitoa dola 50,000 kwa ajili ya utafiti wa Thomas. Ni fedha nyingi mno kwa wakati ule, na sijui ni mwalimu gani kwetu ambaye hatamwonea wivu. Thomas alijifunza Kipolandi na kusafiri Ulaya mara nyingi, akikusanya magazeti na hati za vijijini.

Kuna hadithi inayosimuliwa juu yake: kwamba siku moja, akipita uchochoroni mwa mtaa wa wahamiaji, mfuko wa takataka ulitupwa kutoka dirishani, barua ikaangukia karibu na miguu yake, naye akaiokota na kuisoma. Hadithi inaweza kuwa imepambwa. Lililo hakika ni hili: aliweka tangazo katika gazeti la Kipolandi la Chicago kwamba atanunua barua zilizotoka nyumbani, kwa senti 10 hadi 20 kila moja. Watu wakaleta.

Hapo ndipo mtu wa lugha alipofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Thomas aliona kwamba barua hizo zina umbo lake. Zinaanza kwa kumsifu Yesu, na msomaji anatazamiwa kuitikia. Mwandishi anasema kwamba yeye ni mzima, anawatakia wengine uzima, anasalimu kila mtu wa ukoo kwa zamu. Ndipo yanakuja mambo ya shamba, ya mahari, ya fedha ambazo hazijafika. Aliyewahi kuandika barua kwa mama yake kwa Kiswahili hatashangaa. Wengine wangeruka salamu wakitafuta habari. Thomas alielewa kwamba salamu ndiyo habari yenyewe: inasema kwamba ukoo ungali mmoja, hata bahari ikiwa katikati.

Msaidizi wake mkuu alikuwa Florian Znaniecki, mwanafalsafa kijana aliyefanya kazi Warsaw katika shirika la kuwalinda wanaohama. Walikutana mwaka 1913. Mwaka uliofuata, vita vilipoanza, Znaniecki alivuka kwenda Chicago. Kutoka mikono yao miwili kilitoka kitabu juu ya mkulima wa Kipolandi katika Ulaya na Marekani, juzuu 5, kati ya 1918 na 1920, chenye barua zaidi ya 700. Juzuu moja karibu yote ni maisha ya Władek, mwoka mikate, aliyelipwa aandike habari zake mwenyewe.

Nimtofautishe Władek na wale wa barua. Władek alijua kwamba anamwandikia mtafiti. Lakini mama wa kijijini aliyemlalamikia mwanawe kwamba kaka zake wanagombania shamba, yeye alimwandikia mwanawe tu. Mwana ndiye aliyeuza. Senti zilimfikia mwenye karatasi, wala si mwenye maneno. Jambo hili halijaisha kwetu: mwanafunzi anayetaka kuchunguza Kiswahili cha ndugu zetu walio Bruxelles huomba mesaji za sauti kwa yule aliye nazo kwenye simu, na akikubaliwa anadhani amepata ridhaa. Ridhaa ya nani? Tena barua za Thomas ni za upande mmoja. Nyingi zilitoka Polandi kwenda Marekani. Majibu yalibaki kule vijijini. Na waliozichoma barua zao, au walioona aibu kuziuza, hawamo kitabuni.

Juzuu mbili za kwanza zilikuwa zimeanza kutoka wakati maisha ya Thomas yalipovunjika. Mwaka 1918 maafisa wa serikali kuu walimkamata hotelini akiwa na mke wa mwanajeshi aliyekuwa vitani Ufaransa. Mashtaka yalifutwa, lakini magazeti yalikuwa yameandika yote, na chuo kikuu kilimfukuza bila kungoja. Matbaa ya chuo iliacha kitabu. Juzuu zilizobaki zilichapwa Boston. Wapo wanaopenda kusema kwamba aliyesoma siri za watu alisomwa zake. Mimi sikubali. Kosa moja halilipi lingine, na wale wanavijiji hawakupata kitu kwa aibu yake.

Hakupata tena kiti cha kudumu katika chuo. Kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya wahamiaji kilitoka kwa majina ya Robert Park na Herbert Miller, maana jina lake lilionekana chafu. Hata hivyo mwaka 1927 vijana wa taaluma walimweka kuwa rais wa chama cha wanasosiolojia wa Marekani.

Mwaka 1938 Herbert Blumer aliombwa kukipima kile kitabu kikubwa. Alionyesha kwamba nadharia haikutoka katika barua kama ilivyodaiwa. Barua zilikuwa zikiipamba tu. Thomas, mzee wa miaka 75, alikaa katika mkutano ule na kukubali sehemu kubwa ya lawama. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa juzuu zote 5.

Alikufa Berkeley mwaka 1947. Miaka 4 baadaye kitabu cha 1921 kilichapwa upya na jina lake likarudishwa. Barua nazo zilikuwa zimechapwa kwa Kiingereza tu. Toleo kamili la Kipolandi lilitoka Warsaw mwaka 1976, na bila shaka karibu waandikaji wote walikuwa wamekwisha kufa.