Ndege ya Bwana Finch Hatton

Sisi wa Voi tumezoea habari za treni na ndovu, lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo ilianguka na kuteketea papa hapa kwetu. Likizo ya Agosti nilijipa kazi ya kuitafuta. Niliuliza wazee, nikauliza hata wachunga mbuzi, wapi! Sikupata hata msumari. Kumbe ndege yenyewe, Gipsy Moth yenye alama G-ABAK, ilikuwa ya mbao na kitambaa. Vitu hivyo na moto, mnajua wenyewe. Basi nikaamua kumfuata mwenye ndege.

Denys Finch Hatton alizaliwa Uingereza mwaka 1887 katika ukoo wa makabaila. Alisoma Eton, halafu Oxford, ingawa vitabu hakuvisumbukia sana (walimu wangu, msinitazame). Mwaka 1911 alifika huku akanunua shamba upande wa Eldoret. Ukulima haukumkaa moyoni. Alichopenda ni mwitu, na matajiri wa Ulaya walimlipa awaongoze kuwinda. Mwaka 1928 alimwongoza mtoto wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane. Jambo lililonishangaza ni kwamba mwindaji huyu huyu ndiye aliyewapigia kelele watu waliokuwa wakiwamiminia simba risasi kutoka ndani ya magari huko Serengeti.

Alikuwa na nyumba Takaungu, kando ya bahari, lakini akirudi safari alifikia kwa Karen Blixen, bibi Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Mwaka 1930 akaileta ndege. Ilikuwa na viti viwili tu, kimoja nyuma ya kingine, na upepo wote usoni. Alitaka kuwatafuta ndovu kutoka juu, maana kwa miguu mtu huweza kuzunguka siku nyingi asione hata kinyesi chao.

Mei 1931 akashuka pwani. Blixen ameandika kwamba ndege ilipotua Vipingo rafadha yake, yaani lile panga la mbele, iliharibika. Kijana wa Kihindi akatumwa kutoka Nairobi kuleta kifaa. Ndege ilipopona, Denys alimwambia apande waende pamoja. Kijana akakataa katakata, na kuruka alikuwa amekuzoea! Aliyepanda ni Kamau, mtumishi wake Mkikuyu.

Walilala Voi. Asubuhi wakaruka kwenda Nairobi, lakini ndege haikufika mbali. Ilianguka karibu na uwanja ikawaka, na moto ulikuwa mkali hata watu waliokimbilia hapo hawakuweza kusogea. Wote wawili walikufa.

Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na baadaye kaka yake akamjengea mnara. Shangazi yangu anakaa upande huo, basi nikambembeleza anipeleke. Kibao kipo, chenye jina la Denys, miaka yake na mistari ya shairi. Nilisoma mara mbili. Halafu nikauzunguka mnara wote, nikidhani labda jina la Kamau limeandikwa upande wa nyuma. Halimo.