Kabla Hujameza Hicho Kidonge, Mjue Jacob Bell

Siku hizi kununua dawa ni kitu cha dakika mbili. Unaingia kemisti, unasema kifua kinakubana, unapewa vidonge vya rangi mbili, unalipa kwa simu, unaondoka. Ni mara ngapi umeuliza aliyekuhudumia alisomea wapi? Wengi wetu tukiona koti jeupe tunaridhika.

Basi kuna jamaa mmoja aliyeuliza swali hilo zaidi ya miaka 180 iliyopita, akalifanya kazi ya maisha yake. Anaitwa Jacob Bell. Uwe unaishi Mombasa, Nairobi au kule Ndau, Lamu, sheria inayosema nani akuuzie dawa ina mizizi katika vita alivyopigana yeye. Na ukitaka kujua kwa nini kila baada ya muda utasikia sheria za dawa zinafaa kubadilishwa, anzia kwake.

Bell alizaliwa London tarehe 5 Machi 1810. Babake, John Bell, alikuwa na duka la dawa Oxford Street. Familia ilikuwa ya Quaker, kundi la Wakristo wanaoishi maisha ya kawaida bila mbwembwe. Jacob akaingia dukani kwa babake kama mwanagenzi, huku akihudhuria mihadhara ya kemia. Kwa hivyo usimfikirie kama mwanasiasa aliyeshuka kutoka juu kuja kurekebisha wenye maduka. Huyu alijua harufu ya duka tangu utotoni.

Sasa jiulize, Uingereza ya wakati huo biashara ya dawa ilikuwaje? Kwa kifupi, ilikuwa huria. Mtu yeyote aliweza kupaka rangi kibao, akakiangika mlangoni na kujiita muuza dawa. Hakuna mtihani, hakuna leseni. Afyuni na aseniki, ile sumu ya panya, viliuzwa hata na wenye maduka ya vyakula, karibu na sukari na majani ya chai. Ukikosea chupa, mteja anazikwa.

Mwaka 1841 ukapelekwa bungeni mswada wa kurekebisha kazi ya udaktari, ambao ungewabana pia wauza dawa. Wenye maduka wakaingiwa na wasiwasi. Wengine wangeitisha maandamano. Bell aliitisha chai. Aliwaalika wenzake wa kazi nyumbani kwake, wakanywa, wakaongea. Hoja yake ilikuwa kwamba wakikaa bila chama na bila elimu, kila mwaka kutakuja mswada mwingine wa kuwasumbua, tena kwa haki. Aprili 15 mwaka huo, katika mkutano uliofanyika London, chama chao kikazaliwa, kile kinachojulikana kama Pharmaceutical Society. Mwaka huo huo Bell akaanzisha jarida la wafamasia, akalihariri miaka yote iliyofuata.

Hapa ndipo mimi ninapomheshimu. Kabla ya kukimbilia sheria, walijenga shule. Mwaka 1842 chama kilifungua shule ya ufamasia pale Bloomsbury Square, na shule hiyo ipo hadi leo, ikiwa sehemu ya chuo kikuu cha UCL. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani, kwa hivyo si mtu wa kusifia mitihani ovyo ovyo. Lakini kuna kazi ambazo ukizijifunzia kazini kwa kubahatisha, anayelipa karo ni mteja. Kupima dawa ni mojawapo.

Usidhani lakini Bell alikuwa malaika. Ili sheria ipite alihitaji kiti bungeni, na mwishoni mwa 1850 akachaguliwa mbunge wa St Albans. Uchaguzi ule ulinuka. Pesa zake zilimwagwa na mawakala kununua kura, tume ikaundwa kuchunguza, na hongo ikaonekana kuwa desturi ya mji ule kiasi kwamba mwaka 1852 St Albans ilinyang'anywa haki ya kuwa na mbunge. Naam, mji mzima! Bell alijaribu viti vingine baadaye, akaangukia pua. Mwanamume aliyetaka duka la dawa liwe na uaminifu aliingia bungeni kwa mlango wa namna hiyo. Tusimfichie.

Lakini muda mfupi aliokaa mle aliutumia. Mswada wake ulitaka jambo moja jepesi kuelewa: asiyefanya mtihani na kuandikwa kwenye daftari asiifanye kazi hii. Wabunge waliogopa kuwapa watu wachache biashara nzima, wakaukatakata. Kilichopita mwaka 1852 kilikuwa nusu sheria. Daftari la wafamasia likawepo, na cheo chao kikalindwa, asiyesajiliwa asikitumie. Lakini yeyote asiyejiita kwa cheo hicho aliendelea kuuza dawa na sumu kama kawaida. Yaani sheria ililinda jina, haikulinda mnunuzi.

Matokeo ya nusu sheria yalionekana Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Oktoba 1858. Watengeneza peremende wa huko walikuwa na mazoea ya kuchanganya unga mweupe wa bei rahisi ili kupunguza gharama ya sukari. Mtu akatumwa kwenda kuununua duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mgonjwa kitandani. Kijana msaidizi, asiyejua tofauti, akachota kutoka kwenye pipa lisilo lake. Alichochota kilikuwa aseniki. Peremende zikauzwa sokoni Jumamosi jioni. Watu wapatao 20 walikufa, watoto wakiwemo, na zaidi ya 200 wakaugua.

Walioshtakiwa wote waliachiliwa, manake hakuna sheria iliyomlazimisha yule kijana kujua alichokuwa akipima. Na usiseme hapakuwa na sheria kabisa. Tangu 1851 kulikuwa na sheria ya aseniki, iliyomtaka muuzaji aandike jina la mnunuzi. Iliuliza nani ananunua. Haikuuliza nani anauza.

Bell alikuwa hai habari hizo zilipoenea, lakini tayari alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa koo. Alikufa Juni 12, 1859, akiwa na miaka 49. Aliacha pia michoro, kwani kinyume na mila za waliomlea alipenda sana sanaa, na mkusanyiko wake aliurithisha taifa. Sheria aliyoitaka hakuiona. Ilikuja mwaka 1868, miaka tisa baada ya kifo chake: orodha ya sumu ikawekwa, anayeziuza lazima awe amesajiliwa, na anayeanza kazi lazima kwanza apite mtihani.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1933 Waingereza waliiandika upya sheria yao na kuiita ya famasia na sumu. Mwaka 1957, Kenya ikiwa bado koloni, sheria yenye jina hilo hilo ikaanza kutumika hapa. Ndiyo Sura ya 244, na ndiyo iliyozaa Bodi ya Famasia na Sumu unayoisikia kwenye taarifa za habari kila kemisti zinapofungwa. Daftari la Bell limo humo. Orodha ya sumu imo humo, ikiwa na dawa nyingi ambazo wewe na mimi tunaziita dawa tu. Sheria imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya mwaka 2019, na bungeni kumeletwa miswada ya kuunda mamlaka mpya ya dawa. Lakini mifupa yake ni ya enzi ambayo hakuna aliyewaza kwamba dawa itauzwa kwa WhatsApp na kuletwa mlangoni kwa bodaboda.

Wala mifupa hiyo haikuundwa kwa ajili ya Ndau. Ndau ni kisiwa cha Wabajuni, kaskazini mwa visiwa vya Lamu. Zahanati ya karibu ikiishiwa dawa, humwambii mgonjwa avuke barabara. Unatafuta boti ya kwenda Faza au Lamu mjini, unalipa nauli, unasubiri maji yajae, na ikiwa ni kusi unaomba Mungu bahari itulie. Ukimwambia mama mwenye mtoto anayechemka homa kwamba sheria inataka mfamasia aliyesajiliwa, atakuuliza yuko wapi. Akimkosa, atanunua kwa yeyote aliye navyo. Hapo tumerudi Uingereza ya 1840, dawa ikiuzwa karibu na sukari.

Jirani zetu Watanzania walilitazama tatizo hili bila kujidanganya. Mwaka 2003 walianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji si mfamasia wa digrii, lakini anapewa mafunzo maalumu, duka linakaguliwa na kuidhinishwa, na linaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa muhimu, zikiwemo baadhi za cheti cha daktari. Mpango ukasambaa nchini. Hiyo ni akili ya Bell kabisa: usimfukuze tu asiyejua, mfundishe, kisha muandike kwenye daftari.

Kwa hivyo ukisikia wabunge wanajadili kubadilisha sheria ya dawa, usipite na simu yako ukidhani ni ugomvi wa wenye makoti meupe. Uliza maswali mawili. La kwanza: je, sheria hii inamtambua anayeuza, hata akiuza mtandaoni, au inalinda cheo tu kama ile ya 1852? La pili: je, inamfikisha mtu aliyefundishwa hadi kisiwani, au inamkataza tu asiyefundishwa? Sheria ikijibu swali moja peke yake ni nusu sheria, na nusu sheria Bradford waliionja.

Na wakati wanajadili, wewe kuna kitu unaweza kufanya leo bila bunge. Leseni ya duka la dawa hutolewa kwa mwaka mmoja na inafaa kubandikwa mahali unapoiona. Itazame. Soma mwaka. Kisha muulize anayekuhudumia kama yeye ndiye mfamasia. Asikutishe akikunja uso. Aliyepita mtihani hana sababu ya kuchukia swali.