PETER LORRE: MKIMBIZI ALIYEIGIZA WATU WABAYA



Pengine wengine watashangaa kuona jarida letu safari hii likileta habari za mtu wa sinema, tena mtu aliyejulikana kwa kuigiza wauaji na wezi. Tunaomba mvumilie na kusoma. Katika vibanda vya video watoto wetu wanajua jina la stelingi tu. Yule adui anayepigwa au kufungwa kabla ya filamu kufika nusu hakuna anayeuliza ametoka wapi. Huyu tunayemwandika alikuwa adui wa namna hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika miaka hiyo alikimbia nchi kwa ajili ya uhai wake.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1904 katika mji mdogo wa Rózsahegy, ambao wakati ule ulikuwa ndani ya dola la Austria na Hungaria. Leo mji huo uko Slovakia na unaitwa Ružomberok. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye wakamwita László Löwenstein. Alipokuwa na umri wa miaka minne mama yake alifariki, akaacha watoto wa kiume watatu wadogo. Baba alioa rafiki wa marehemu, lakini mtoto huyu na mama wa kambo hawakupatana. Familia ilihamia Vienna, na huko kijana akapata kazi ya karani wa benki. Kazi ile haikumkaa. Mchana alikuwa benki, jioni alikuwa kwenye maigizo, na mwishowe benki ikabaki bila yeye. Jina la Peter Lorre alilipata huko katika kikundi cha maigizo.

Jambo moja lazima tuliseme mapema, maana lilimfuata mpaka kaburini. Alipokuwa bado kijana alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akapewa dawa ya morfini kwa ajili ya maumivu. Maumivu yaliisha lakini dawa haikumwacha. Aliingia hospitali mara nyingi kutafuta kuachana nayo, akapona, akarudia tena. Sisi hatuoni sababu ya kumficha, wala ya kumcheka.

Mwaka 1931, huko Berlin, mwongozaji Fritz Lang alimpa nafasi katika filamu iitwayo M. Aliigiza mtu anayeua watoto. Mji mzima unamtafuta, polisi upande mmoja na wezi wa mjini upande mwingine, na anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa kusikia mluzi wake. Wezi wanamkamata na kumweka mbele ya mahakama yao wenyewe. Pale Lorre anapiga magoti, macho yamemtoka, akijaribu kueleza kwamba kuna kitu ndani yake kinachomwendesha asichoweza kukishinda. Mtazamaji aliyekuja kumchukia anajikuta amechanganyikiwa, hajui amhurumie au la. Kwa filamu hiyo moja alijulikana Ulaya yote. Tangu siku hiyo pia kila aliyemtafuta kwa kazi alimtafuta awe muuaji.

Januari 1933 Hitler alichukua madaraka Ujerumani. Mwaka huohuo Lorre aliondoka, akapita Paris, kisha akafika London. Pamoja naye alikuwa mwigizaji Celia Lovsky, ambaye walifunga ndoa mwaka 1934. Kiingereza hakukijua. Husimuliwa kwamba alipokutana na mwongozaji Alfred Hitchcock, alikuwa akimtazama usoni tu, na kila alipodhani hadithi imefika mahali pa kuchekesha, akacheka kwa nguvu. Akapewa kazi. Maneno yake mengi katika filamu ile, The Man Who Knew Too Much ya mwaka 1934, aliyashika kwa sauti, kama mtu anavyoshika wimbo wa lugha asiyoijua. Wale miongoni mwetu waliofika nchi ngeni na kuitikia ndiyo mbele ya karani bila kuelewa swali, watamwelewa.

Mwaka huohuo alivuka bahari kwenda Marekani, na Hollywood ilimpokea kwa namna yake. Alikuwa mfupi, mwenye macho makubwa, na sauti laini yenye lafudhi ya kwao, kwa hiyo wakamwona ni mgeni wa kazi zote. Kati ya 1937 na 1939 aliigiza filamu nane akiwa mpelelezi wa Kijapani aitwaye Moto. Myahudi wa Hungaria, akawa Mjapani! Watu walizipenda, yeye akazichoka. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1941, na mwaka huo ndipo alipotoka The Maltese Falcon, ambamo alikutana na mwigizaji mnene Sydney Greenstreet. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo, wakawa kama pacha wa uovu katika filamu kadhaa zilizofuata.

Huku nyuma, Ujerumani haikumsahau. Mwaka 1940 utawala wa Hitler ulitoa filamu ya kuwachafua Wayahudi. Ndani yake wakakata kipande cha M, kile cha Lorre akijitetea mbele ya wezi, wakakionyesha kama ushahidi wa jinsi Wayahudi walivyo. Kazi ya mwigizaji ikafanywa kuwa tabia ya kabila lake. Sisi tumesikia redioni na mikutanoni jinsi maneno yanavyoweza kupindwa mpaka jirani akamwona jirani kama mnyama, basi tusijifanye hatujui kitu hiki kilikuwa kinaelekea wapi.

Sasa tufike Casablanca, ya mwaka 1942. Hii ni filamu ya watu wanaosubiri karatasi. Wakimbizi kutoka Ulaya wamekwama katika mji wa Moroko, wanakaa katika baa, wanauza vito vyao, wanauliza kila siku kama kibali kimetoka. Lorre ni Ugarte, mtu anayeuza karatasi za njia kwa bei anayoitaka. Watu wa aina hiyo tunawafahamu, hatuna haja ya kuwaeleza. Anamkabidhi mwenye baa karatasi mbili za thamani zilizopatikana kwa kuua askari, kisha anakamatwa, anapiga kelele aokolewe, na hakuna anayenyoosha mkono. Hata ukihesabu dakika zake zote humo ni chache sana. Lakini karatasi alizoacha ndizo zinazoendesha filamu yote mpaka mwisho.

Na waliokuwa kando yake katika baa ile wengi hawakuwa wakiigiza sana. Conrad Veidt, aliyecheza afisa mkatili wa Hitler, alikuwa ameondoka Ujerumani kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi. S. Z. Sakall, yule mhudumu mnene mwenye upole, alitoka Budapest. Dada zake watatu waliuawa katika kambi za Wanazi. Marcel Dalio na mkewe Madeleine Lebeau walikuwa wameikimbia Ufaransa wakiwa na viza ambazo baadaye zilionekana kuwa za bandia.

Vita vilikwisha, na kazi ikapungua. Mwaka 1949 Lorre alifilisika. Ndipo akarudi Ujerumani, akaandika na kuongoza filamu yake mwenyewe, ya kwanza na ya mwisho kuiongoza, Der Verlorene, yaani Aliyepotea. Ilitoka mwaka 1951. Hadithi yake ni ya daktari ambaye wakati wa Hitler alimuua mchumba wake, na serikali ikalifunika jambo hilo kwa kuwa ilihitaji utafiti wake. Baada ya vita tunamkuta akitibu watu chini ya jina jingine, katika kambi ya wakimbizi. Foleni za chanjo, watu na mizigo yao, upepo. Siku moja anafika kambini mtu aliyejua siri ile. Wawili hao wanakaa usiku kucha wakinywa na kukumbushana, na asubuhi daktari anatembea peke yake kuelekea kwenye reli.

Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake kubwa, kuliko hata M. Mtu aliyefukuzwa hakurudi kuwatukana waliomfukuza. Aliwauliza tu, kwa sauti ya chini, waliyaweka wapi waliyoyatenda. Lakini Ujerumani ya 1951 ilitaka kujenga nyumba na kusahau. Watu hawakwenda kuitazama. Akarudi Marekani, akiwa amenenepa sana na afya yake imeharibika.

Miaka iliyobaki alichukua alichopewa. Mwaka 1954 alikuwa katika filamu ya manowari iliyotengenezwa na Walt Disney, na mwaka huohuo, katika mchezo wa televisheni, akawa adui wa kwanza kabisa wa James Bond kuonekana kwenye kioo. Mwaka 1963 alicheza The Raven pamoja na Vincent Price na Boris Karloff, wazee watatu wa filamu za kutisha wakifanya mzaha na kazi yao wenyewe. Alikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa 1953 katika ndoa yake ya tatu.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 23 Machi 1964 mjini Los Angeles, akiwa na miaka 59. Vincent Price ndiye aliyesema maneno ya kumuaga, na wakamzika Hollywood. Celia Lovsky, waliyekimbia naye na ambaye walitengana zamani, alibaki rafiki yake miaka yote. Naye aliendelea kuigiza huko huko Marekani, akipewa nafasi za mabibi wa kigeni wenye lafudhi.