Edwin Armstrong: Baba wa FM aliyemalizwa na kesi

WANUNUZI wa redio kuukuu za valvu nchini Marekani huijua hali hii. Redio ya mwaka 1940 hupanguswa vumbi, kapasita zilizoharibika hubadilishwa, valvu zikawaka tena kama taa ndogo, lakini upande wa FM ukabaki kimya. Hitilafu haimo redioni. Ilitokana na uamuzi wa serikali mwaka 1945, na aliyeumizwa zaidi nao ni mbunifu wa FM mwenyewe, Edwin Howard Armstrong.

Alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 18, 1890. Mwaka 1912, angali mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, aling'amua kwamba mawimbi yaliyokwisha kupita ndani ya valvu yakirudishwa humo, huongezeka nguvu maradufu. Redio iliyokuwa ikinong'ona ikasikika chumba kizima. Mwaka 1918, akiwa mwanajeshi nchini Ufaransa, alibuni saketi ya superheterodini, inayogeuza masafa ya kila kituo kuwa masafa mamoja yaliyo rahisi kukuzwa. Nyingi kati ya redio za valvu zinazofufuliwa na mafundi hadi leo zina saketi hiyo.

Mnamo 1923 alimwoa Marion MacInnis, katibu wa David Sarnoff, kigogo wa kampuni ya RCA. Zawadi ya harusi? Redio ya kubebeka, bila shaka.

Lakini Lee de Forest alidai kuwa uvumbuzi wa 1912 ulikuwa wake, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi. Wahandisi wengi waliamini kuwa majaji hawakuielewa saketi yenyewe. Armstrong alipotaka kuirejesha nishani aliyotunukiwa na chama chao, walikataa katakata kuipokea.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, alikuwa amepewa hataza za FM, sauti isiyochafuliwa na mikwaruzo ya radi. RCA, iliyokodolea macho televisheni, haikuikumbatia. Akajenga kituo chake huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake mwenyewe. Kisha, mwaka 1945, FM ikahamishwa kutoka megahezi 42 hadi 50 na kupelekwa juu ya 88, eneo ambalo Wakenya pia hupata vituo vyao. Redio zote za FM zilizokuwa zimeuzwa zikageuka samani za sebuleni.

Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Kesi ilimla mali, afya na hatimaye ndoa. Alijitoa uhai usiku wa Januari 31, 1954, akiwa na umri wa miaka 63.

Mwaka huohuo RCA ilimlipa Marion takriban dola milioni moja. Mjane huyo hakukoma hapo. Aliziandama kampuni nyingine moja baada ya nyingine, akaishinda ya mwisho, Motorola, mwaka 1967.