Beryl Markham, mwanamke aliyefundisha farasi kukimbia

Hapa Kolwezi mtoto anajua malori ya kubeba shaba, anajua moto za taksi, lakini farasi wengi wanamuona kwa televizyo tu. Si ajabu. Sehemu kubwa ya inchi yetu ina mbung'o, yule nzi anayeuma na kuleta ugonjwa unaomaliza ng'ombe na farasi. Ndiyo maana zamani shaba ya Katanga ilisafiri kwa mabega ya watu. Kwa kuona kazi ya farasi inabidi kwenda mashariki, kwenye milima yenye baridi ya Kenya. Huko ndiko alikokulia Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mdogo. Mama yake hakuzoea maisha ya pale, akarudi Ulaya. Beryl akabaki na baba, Charles Clutterbuck, mwenye shamba, kinu cha unga na farasi wa mashindano pale Njoro. Masomo hakuyapenda hata kidogo. Aliwinda pamoja na vijana wa Kikalenjini, na Kiswahili alikisema toka utotoni. Mmoja wa rafiki zake aliitwa Kibii; alipokuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta.

Kisha ukaja ukame. Baba alikuwa amesaini mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyofungwa. Mvua ikakosekana, nafaka ikapanda bei, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi. Mtu wa mji wa migodi anaelewa hesabu kama hiyo inaishia wapi. Baba alifilisika, akaenda Peru kufundisha farasi wa wengine. Beryl hakumfuata. Alikuwa na umri wa karibu miaka 18 tu alipopata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Kazi yenyewe inaanza kabla jua kutoka. Farasi mdogo hajui chochote: anaogopa kamba, anaogopa tandiko, anaogopa hata kivuli. Kwanza anazoezwa kuguswa mwili mzima. Halafu anazungushwa kwa kamba ndefu, kushoto na kuume, mpaka asikie sauti ya mtu. Chuma cha mdomoni kinafuata, kisha tandiko, na mwisho mtu anapanda, polepole. Ukimharakisha mifupa ikiwa bado laini, miguu inaharibika na farasi amekwisha.

Tena farasi wengi hawakuwa mali ya Beryl. Tajiri akipenda anamchukua farasi wake na kumpeleka kwa mwingine, na kazi ya miezi inapotea. Ndivyo ilivyomkuta, kama alivyoandika mwenyewe, kwa farasi aliyeitwa Wrack. Kabla ya mashindano makubwa ya St Leger ya mwaka 1926, mwenyewe alimuondoa. Beryl akabaki na jike mmoja, Wise Child, mwenye kano mbovu za miguu. Yeye na arap Ruta walimkanda na kumfunga bendeji kila siku, wakimpa mazoezi kwa kipimo. Kushindwa mbele ya Nairobi nzima kungemaliza jina lake. Wise Child alimpita Wrack, akashinda.

Ulimwengu unamkumbuka zaidi kwa ndege. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake toka Uingereza, akaanguka kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, baada ya saa zaidi ya 20, mafuta yakiwa yamekatika njiani kwa sababu ya barafu. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942. Watu bado wanabishana kama mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika. Ndoa zake zote tatu zilivunjika.

Alirudi Kenya, akarudia farasi, na ile miaka ya 1950 na 1960 ndiyo ilikuwa yake: Kenya Derby aliishinda mara sita. Fedha haikukaa mkononi mwake. Kitabu kilipochapwa tena mwaka 1983 walimkuta mzee na maskini, katika nyumba ndogo pembeni ya uwanja wa mbio wa Ngong Road. Alikufa Nairobi mwaka 1986.